Tiara Uliyoishona kwa Hema

...lakini hukunipa nafasi ya kukujibu, Eda. Ulisema, "Sasa una mtu wa kukuangalia, mama, mimi naweza kwenda bila kugeuka nyuma," ukachukua ndoo ukatoka kwenda bombani, ukaniacha na mikono kwenye unga wa maandazi ya safari yako. Uliporudi ulikuwa unaimba. Elisha akaingia na nyuzi alizokutafutia, mazungumzo yakageuka kuwa ya basi na boti na upepo wa baharini huko Paje, na neno lako likabaki pale jikoni kama sufuria ambayo kila mtu anadhani mwenzake ataiosha.

Nimechoka, mwanangu. Miguu ilivimba siku ya harusi yangu na Elisha na mpaka leo haijakubali kurudi ilivyokuwa. Maharage ya bondeni nayo yalitaka palizi wakati huo huo wageni walipokuwa bado hawajaondoka, na baada ya wageni yakaja maandalizi yako. Ningeweza kulala sasa hivi nikiwa nimekaa hivi hivi. Lakini kesho alfajiri basi litakuchukua kuelekea Kibondo na mbele zaidi, na mimi ninajijua, pale stendi nitalia tu, sitasema kitu cha maana. Kwa hiyo naandika.

Sitakuandikia habari za kutunza simu, wala dawa, wala watu wa bandarini. Akili unazo. Nataka kujibu lile neno la jikoni, na kulijibu inabidi nianze na furaha yangu, kwa sababu naona ndiyo iliyotuingilia.

Nilidhani mambo haya yaliisha na ujana. Sikujua mwanamke wa umri wangu anaweza kuisikia cherehani ya mtu ikinguruma ng'ambo ya barabara, chai ikamchemkia hadi ikamwagika motoni. Elisha ananiwekea maji ya kuoga jikoni kabla sijaamka. Ananiita "mpenzi" mbele ya watu, hapa hapa Kasulu, ambapo mwanamume akitaka kumtaja mkewe hukohoa kwanza. Ameishona herufi ya jina langu kwenye pindo la ndani la shati lake la Jumapili, mahali asipopaona mtu. Nikimwambia watu watatucheka, anasema, "Waache wacheke, meno ni yao." Nampenda, Eda. Nampenda hadi naona haya kukuandikia wewe, mwanangu wa kuzaa, lakini nimeshaandika na sifuti. Nimechoka na nimefurahi, vyote viwili vimenikalia mwili mmoja, na sijui kipi kinanilaza na kipi kinaniamsha.

Na ni yeye huyo huyo aliyekupa ufundi unaokuondoa. Nalifikiria sana hilo. Enzi zile kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipokuwa imejaa watu, kazi yake ilikuwa kuziba mahema yaliyochanika, na kambi ilipofungwa alirudi mjini na magunia ya vitambaa vya mahema ambavyo hakuna aliyevitaka. Ulipomaliza kidato cha nne ukabaki nyumbani, ulikuwa ukivuka barabara kutoka kwenye meza yangu ya chai, unakaa kwenye cherehani yake ya pili, unashona vitambaa hivyo vigumu mpaka vidole vinachubuka. Mimi nilikuwa nikikutazama wewe. Angalau ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya. Nusu ya macho yangu yalikuwa kwake.

Nakumbuka siku uliponionyesha ile video kwenye simu. Msichana amesimama juu ya ubao, na tiara kubwa kama paa la nyumba inamvuta juu ya bahari, anateleza, halafu anaruka juu, anabaki huko kama amesahau kushuka. Nikasema, "Huyo ana wazazi kweli?" Wewe wala hukuwa unamtazama msichana. Ulikuwa unautazama mshono. Ukasema, "Ona, mama, hapa pembeni palichanika, na aliyepashona hakujua."

Baadaye ndipo ulipoanza kumtazama na msichana.

Ukawatumia picha za kazi yako wale watu wa Paje wanaofundisha mchezo huo. Wakajibu kwamba njoo, utatushonea tiara zetu, na upepo ukiwa mzuri utafundishwa na wewe. Nyumba ikabadilika. Jioni zote zikawa za kupanga. Ukaenda Kigoma kwa shangazi yako kujifunza kuogelea ziwani, ukarudi umeungua jua na mabega yamepanuka. Wale watu wakawa wanakutumia sauti kwenye simu, wanaeleza kwamba maji yakipwa huwa ya magotini hadi mbali, na hapo ndipo wanaoanza huanzia. Elisha anasikiliza kalamu ikiwa sikioni, kama anatajiwa vipimo vya suti. Wewe unauliza upepo wa miezi gani unafaa kwa mwanagenzi. Mimi nakaanga dagaa nasikiliza, na moyo umejaa.

Hapo nikafanya wanavyofanya watu wenye furaha. Nikajiingiza.

Nilisema, tena kwa sauti kubwa, "Twendeni wote! Mimi na Elisha hatujala fungate. Eda ataruka, sisi tutakaa mchangani tunamtazama!" Elisha alifurahi kama mtoto, akaniinua nikiwa na mwiko mkononi. Tulipoangalia upande wako ulikuwa umeinamia cherehani, unapitisha mshono pale pale ulipokuwa umeshapitisha. Niliona. Nikajiambia mtoto anashona kwa makini.

Kesho yake nikawaambia kinamama wa kwaya. Unawajua. Mmoja akasema, "Eeh, bibi harusi! Kwa hiyo mtoto anakwenda kazini na wewe unakwenda kulishwa pweza!" Mwingine akasema, "Muacheni, huyu siku hizi hata bondeni kulima anakwenda amejipulizia manukato." Wakacheka mpaka mwalimu wa kwaya akagonga meza. Nami nilicheka kuliko wote. Nilikuwa napenda kuchekwa kwa jambo hilo. Baada ya miaka ya kuhurumiwa, kuchekwa ni kama kupakwa mafuta.

Halafu ikaja ile siku ya Kitanga.

Mlikuwa mmeimaliza ile tiara ndogo ya mazoezi, ya kitambaa cha hema, nyeupe iliyofifia, bado ina alama za matope ya zamani zilizokataa kutoka. Elisha alisema Kitanga kuna uwanda mtupu baada ya mavuno, na upepo unaotangulia mvua huko una nguvu. Tukaenda watatu. Hata Mama Furaha, yule Mkongo muuza vitenge aliyekuwa amefuata wateja wake huko, akaacha biashara akaja kutazama.

Ulivaa ule mkanda mpana kiunoni ambao kamba zinafungwa. Na mimi, Eda, nilipoona kamba zinakazika na visigino vyako vinachimba udongo, nikafungua kitenge changu, nikakipitisha kwenye mkanda wako kwa nyuma, nikajifunga ncha nyingine tumboni mwangu. Nilifunga fundo la mbeleko. Lile lile nililokuwa nikikubebea mgongoni, ambalo halijawahi kunifungukia hata mara moja. Ukasema, "Mama, hivyo sivyo." Elisha, ambaye kosa lake kubwa ni kunikubalia kila kitu, akasema, "Muache, mama yako ni mzito, atakuwa nanga."

Upepo ukaja. Wewe ulijua la kufanya. Nilikuona ukiuelekeza mwili pembeni, ukitaka kupiga hatua kuufuata ili uipunguzie tiara nguvu. Lakini ulikuwa umefungwa kwangu. Hukuweza kwenda mbele, hukuweza kugeuka. Ulipiga kelele, "Mama, fungua! Fungua!" na fundo la mbeleko halifunguki kwa haraka, ndiyo sifa yake. Tiara ikatubeba wote wawili. Tulibururwa, wewe mbele mimi nyuma, tukapita katikati ya muhogo wa watu ulioanikwa, vumbi jeupe likatimka mpaka sikuona kitu. Niliyasikia tu maneno ya Mama Furaha: "Maawe! Mutoto na mama wote bashi inabeba!" Kwao turubai ni bashi. Elisha alikuwa anakimbia nyuma yetu kiatu kimoja kimebaki shambani.

Mwenye muhogo alikuja na ufagio. Bibi yule hakuuliza kama tumeumia. Alitutazama tulivyo weupe kama tumetoka mashineni, akasema, "Mmekuja kuuiba au mmekuja kuusaga?" Ilibidi tumwokotee wote, kipande kwa kipande, na Mama Furaha akiinama nasi huku akicheka peke yake: "Miye nilisema muzungu peke yake ndiye anajitesa hivi. Kumbe na Muha!"

Hukucheka. Kiwiko chako kilikuwa kinatoka damu. Tulipokuwa tunarudi, Elisha ametangulia na tiara begani, ukaniambia bila kunitazama, "Nataka kwenda peke yangu, mama. Sitaki kuwa mtoto wa kubebwa kwenye fungate ya watu."

Watu. Uliniita watu.

Nilinuna. Unajua nilivyonuna, nyumba nzima ilijua, na mbuzi pia. Nilimwambia Elisha kwamba mtoto amenikataa kwa sababu nimeolewa. Yeye akaendelea kupiga pasi, halafu akasema taratibu, "Mpenzi, tangu harusi, umewahi kukaa na Eda bila mimi?" Nikamjibu kwamba tunakaa kila siku. Akasema, "Sisi tunakaa. Nimekuuliza wewe." Nilimkasirikia hadi nikalala nimegeukia ukutani. Na huko ukutani ndiko nilikoanza kuhesabu, nikakosa. Sikupata hata jioni moja. Kila sentensi niliyokuwa nakwambia ilianza na "sisi." Sisi tunaona. Sisi tutakuja. Baada ya miaka yote ile ambayo "sisi" ilikuwa mimi na wewe, uliipoteza bila hata kuambiwa.

Na hiyo "sisi" yetu ya zamani nayo, mwanangu, haikuwa safi.

Baba yako alipofariki kule Kibondo ulikuwa bado unavaa sare za shule ya msingi. Nilikutoa kitandani kwako nikakulaza kwangu, nikasema ni kwa ajili yako, usiogope. Nilikuwa naogopa mimi. Nilikueleza mambo ambayo mtoto haelezwi. Mama mkwe alivyosema, mashamba yanavyogombewa, usingizi ulivyonikimbia. Ulikuwa unanisikiliza umekunja uso kama mzee wa baraza, na mimi nikajivuna kwa majirani kwamba nina mtoto mwenye akili ya kikubwa. Tulipohamia Kasulu ulikuwa tayari unajua kunisoma usoni kabla sijafungua mdomo. Ulipochaguliwa kidato cha tano, shule ya mbali, ulikuja ukaniambia, "Sijisikii kwenda, mama, nimechoka na madaftari." Ulisema ukitabasamu. Nilijua ni uongo. Nilijua unabaki kwa sababu hukutaka nilale peke yangu. Nikasema, "Haya, kama ndivyo unavyopenda," nikakupakulia chakula. Nilikuwa na furaha, Eda. Nilikuona ukikosa jambo lako kwa ajili yangu, na nikafurahi, na nikakuongezea mboga.

Sijakuandikia hili ili unisamehe usiku huu, una safari ya kesho na mizigo yako inatosha. Nakuandikia kwa sababu uliposema sasa nina mtu wa kuniangalia, nilisikia mtu anayekabidhi zamu. Kama askari mlinzi. Hukupaswa kuwa zamuni, mwana wanje, mwanangu wee. Elisha hakuja kukupokea kazi, kwa sababu kazi ile haikuwa yako, na ningekuwa na akili ningekuondolea mwenyewe zamani.

Kwa hiyo nenda bila kugeuka nyuma, hilo nakubali. Barabara ile ina mashimo, atazamaye nyuma huumia shingo. Ila ninaogopa namna nyingine ya kutogeuka, ninaijua, niliwahi kuiishi.

Nilipoolewa na baba yako nikatoka Rungwe Mpya kwenda Kibondo, mama yangu alinisindikiza hadi barabarani akasema nisikae sana. Basi nikaenda. Na wewe unazijua desturi zetu: binti aliyeolewa haingii kwao mikono mitupu, ataonekana kaolewa na njaa. Mwezi wa kwanza sikuwa na kitu. Nikasema nisubiri. Nilipopata kitenge, nikaona kitenge kimoja ni aibu, ngoja nipate na sukari. Sukari ikapatikana, ikaliwa na wageni. Ukazaliwa wewe, nikasema sasa nitaenda kwa kishindo, nimbebe mjukuu na gunia la maharage yangu mwenyewe, wajue nimelima. Nikaletewa habari kwamba mama haamki vizuri. Maharage yalikuwa bado mabichi shambani. Nikangoja yakauke, Eda. Niliyangoja, nikayapiga, nikayapepeta, nikachagua yale yaliyonenepa.

Nilipofika, mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka, mwembamba, macho makubwa. Alikutazama wewe mgongoni, akalitazama gunia likishushwa kwenye baiskeli, akasema, "Ulikuwa unatafuta maharage? Sisi hapa tunalima maharage." Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anashangaa kweli. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vihenge viwili vimejaa. Alikuwa nasi majira yaliyobaki ya mvua kabla hatujamzika, masikio yake yakiwa yameshakufa, ikabidi kila jambo nilipige kelele, hata yale ambayo mtu hutaka kumnong'oneza mama yake.

Wewe unakwenda mahali ambapo huenda itachukua muda mrefu kabla hujaona umefaulu. Pengine utaanguka majini mara nyingi kuliko utakavyosimama. Pengine watakupa tiara za kushona tu na kukusahau upepo ukija, na itabidi uwakumbushe. Utaona haya kupiga simu, utasema ngoja kwanza nisimame kwenye ubao, ngoja nipate picha nzuri niwatumie, waone. Nakuomba kitu kimoja tu katika barua hii yote. Rudi kabla hujawa na la kuonyesha. Rudi ukiwa umeshindwa, rudi ukiwa huna hata habari. Chumba chako hakigeuki chumba cha cherehani, Elisha mwenyewe ameshaukataa ushauri huo wa fundi mwenzake, nilimsikia, akasema, "Hicho kina mwenyewe, yuko safarini."

Na habari ya kuitwa baba, asikupe tabu. Mwite Elisha. Yeye anakuita "fundi" kwa sababu ndivyo anavyokuheshimu, na jana nilimkuta amekaa peke yake na ile tiara ndogo magotini, anaupitisha mshono wako kati ya vidole. Anaogopa bahari kuliko mimi. Hajui kukwambia.

Jogoo wa jirani ameshakosea saa, anawika kabla ya wakati. Nadhani na yeye amechoka. Elisha ameamka akaniuliza ninaandika nini, nimemwambia ni mambo yangu na Eda, akasema "vizuri," akarudi kulala. Nimefurahi kulisema hilo. Mambo yangu na Eda. Moyo wangu una mume ndani yake sasa, ndiyo, kila mtu anaona, natembea nikimwaga furaha barabarani kama mwenye ndoo iliyotoboka. Lakini hakukaa pahali pako. Alikuta nafasi yake, na yako iko pale pale, na nilikosea kuwachanganya.

Tumeongea jana, mimi na yeye. Fungate yetu tutaila hapa hapa. Tutanunua samaki wa ziwani, tutafunga mlango mapema, tuwaache kinamama wa kwaya waseme. Mwezi ndio kwanza umeandama. Wewe fika, lala, uzoee maji na watu, wajue jina lako na kazi ya mikono yako. Kisha uniambie siku isiyo na upepo, siku ambayo hakuna anayekuhitaji. Nitapanda basi hili hili, na boti hiyo ninayoiogopa, na sitakuja na "sisi." Elisha atabaki na mbuzi, amekubali, ameshaanza hata kuwabembeleza. Tutakaa tu, wewe na mimi, unieleze chochote au usinieleze. Nitakuja peke yangu, Eda, kabla mwezi huu haujaisha.

Mama yako